Je, wajua chipu hujaribiwa kabla haijatengenezwa?

Ukimpelekea fundi wa simu pale Malindi mjini simu iliyokataa kuchaji, ataiweka bodi chini ya hadubini, ataipuliza kwa bloa mpaka lehemu iyeyuke, kisha atainyanyua aisi ya chaji kwa koleo ndogo na kuweka nyingine. Lakini ndani ya kile kipande cheusi haingii fundi yeyote. Kikitoka kiwandani na kosa, kosa hilo halina dawa. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba prosesa ya Pentium ilikosa baadhi ya thamani katika jedwali lake la kugawanya, na kampuni ya Intel iliyoiunda ikalazimika kutenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo.

Je, watafiti wa chuo kikuu, wasio na fedha kama hizo, hufanyaje wanapobuni chipu yenye mfumo mzima ndani yake?

Kwanza, chipu yao huandikwa kama programu. Kule Berkeley, Marekani, ulikoanza mwaka 2010 mradi wa RISC-V, yaani seti huria ya amri za prosesa, hutumia lugha iitwayo Chisel. Maandishi hayo huendeshwa ndani ya kompyuta ili kuona kama chipu ingefanya kazi. Tatizo ni mwendo. Chipu hufanya kazi kwa mapigo, hatua moja kila pigo. Tuseme kompyuta inaigiza mapigo 10,000 kwa sekunde: sekunde moja tu ya chipu yenye mapigo bilioni 1 kwa sekunde itachukua takriban saa 28! Ndiyo maana muundo huhamishiwa kwenye FPGA, yaani chipu ambayo mtumiaji anaweza kuipanga upya kila atakapo. Kwa mapigo milioni 50 kwa sekunde, kazi ile ile huisha kwa sekunde 20, na hapo unaweza hata kuwasha mfumo endeshi wa Linux na kuitazama ikikwama.

Ubunifu ukikubalika ndipo hutumwa kiwandani, mara nyingi kwa kuchangia sahani moja ya silikoni na watafiti wengine ili kugawana gharama. Huduma ya MOSIS ilianza kuwakusanya hivyo mwaka 1981. Kisha ni kusubiri kwa miezi.

Kwangu mimi, ufundi mkubwa kuliko yote ni njia za dharura zinazopangwa mapema. Sehemu inayozalisha mapigo ikifa, huwa kuna swichi ya kuiruka, na mapigo yakaingizwa kutoka nje. Vihifadhi vidogo vya ndani huungwa mnyororo, ili hali ya kila kimoja isukumwe nje biti baada ya biti na ionekane. Bila hivyo, chipu iliyokaa kimya haikuambii lolote. Siku chipu inapofika, kitu cha kwanza ni kuipa umeme kidogo na kupima mkondo: ukipanda ghafla, huenda kuna shoti. Ikipona, hupunguziwa volti na kuongezwa kasi hatua kwa hatua mpaka ianze kukosea, kwa sababu mtafiti anataka kuujua mpaka wake hasa.

Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater waliweka wazi kanuni za kubunia chipu za nanomita 130, na Verilator, programu ya kuigizia, ni ya bure. Kwa hiyo mwanafunzi wa Malindi mwenye laptopu anaweza kuanza hatua ya kwanza leo, bila kumwomba mtu ruhusa.