Luitpold hakuwahi kuwa mfalme, jamani

Wiki hii nimeulizwa tena, mbele ya ile sanamu ya Luitpold juu ya farasi iliyo nje ya Makumbusho ya Taifa ya Bavaria hapa München: "Si ndiye huyu aliyemuua mtoto wa kaka yake akajifanya mfalme?" Kutembeza wageni ndiyo kazi yangu, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kubomoa walichojengewa na video za usiku uliotangulia. Basi leo nakiandika, ili kesho niwe nawaelekeza tu hapa.

Ya haraka kwanza. Luitpold, aliyeitawala Bavaria (kusini mwa Ujerumani) kama kaimu wa mfalme, alizaliwa Würzburg mwaka 1821, mtoto wa tatu wa kiume wa Ludwig I, aliyekuja kuwa mfalme wa Bavaria. Kaka mmoja, Maximilian, akarithi taji hilo. Wa pili, Otto, akapelekwa kuwa mfalme wa Ugiriki. Yeye akaambulia mizinga. Aliingia jeshini mwaka 1835 na silaha yake ilikuwa mizinga. Mwaka 1866, Bavaria ilipoungana na Austria dhidi ya Prussia, ufalme mkubwa wa Wajerumani wa kaskazini, aliongoza divisheni ya tatu, wakapigwa. Mwanawe mkubwa alijeruhiwa kwa risasi pajani huko Helmstadt. Miaka minne baadaye yuko Versailles, vitani dhidi ya Ufaransa, upande wa walewale Waprussia, na ndiye aliyemkabidhi Wilhelm, mfalme wa Prussia, barua ya mfalme wa Bavaria ya kumwomba awe Kaisari. Rasimu ya barua hiyo iliandikwa na Bismarck mwenyewe, waziri mkuu wa Prussia. Mnaomwita Luitpold "mtoto wa Kaisari", someni sentensi hiyo mara mbili: Bavaria ilikuwa ufalme wake ndani ya dola, wenye ukoo wake, jeshi lake na posta yake.

Sasa Juni 1886. Mfalme ni Ludwig II, mtoto wa Maximilian, kwa hiyo Luitpold ni baba yake mdogo. Madeni ya majumba ya Ludwig yamefika takriban marki milioni 14, na mawaziri wamesikia kwamba anataka kuwafukuza. Tarehe 8 madaktari wanne wa magonjwa ya akili, wakiongozwa na Bernhard von Gudden, wanatia saini ripoti kwamba mfalme hawezi kutawala. Tarehe 10 Luitpold anatangazwa kaimu. Tarehe 13 jioni, Ludwig na Gudden wanatoka matembezi kando ya ziwa huko Berg, na wote wawili wanaokotwa majini wakiwa maiti.

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu watu husema "alipinduliwa tarehe 10." Ludwig hakupinduliwa. Alibaki mfalme mpaka pumzi yake ya mwisho. Katiba ya Bavaria ya 1818 haikuwa na kifungu cha kumvua mfalme taji. Ilikuwa na kifungu cha kuweka msimamizi iwapo mfalme amezuiwa kutawala kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa ridhaa ya Bunge. Ludwig alinyang'anywa kalamu, taji likabaki kichwani. Ukidharau tofauti hiyo, hutaelewa lolote kati ya yaliyofuata miaka 26.

Na tazama yaliyofuata. Ludwig amekufa bila mtoto. Je, Luitpold kawa mfalme? La. Taji lilikwenda kwa mdogo wake Ludwig, Otto (si yule wa Ugiriki, vumilieni, ukoo huu ulikuwa mchoyo wa majina), ambaye alikuwa mgonjwa wa akili kwa miaka mingi na akitunzwa kwenye jumba la Fürstenried. Luitpold, mwenye umri wa miaka 65, akaendelea kuwa kaimu, safari hii wa Otto. Ushahidi mnaweza kuushika mkononi. Wakati rupia za Dar es Salaam zikiwa na sura ya Wilhelm II, marki mbili ya Bavaria ilikuwa na sura ya Otto, mtu ambaye hakuwahi kutawala hata siku moja. Luitpold hakuonekana kwenye sarafu mpaka 1911, alipotimiza miaka 90, na hata hapo maandishi yalimtaja kuwa mwanamfalme mtawala kwa niaba. Ni mnyakuzi gani wa taji anayesubiri miaka 25 ili apate sarafu?

Lakini sitamsafisha kupita kiasi. Gudden hakumpima mfalme kabla ya kutia saini. Ripoti ilitegemea maelezo ya mashahidi, wengi wao watumishi. Kwa daktari wa leo hiyo ni aibu. Bunge nalo liliridhia baadaye mwezi huo, mfalme akiwa ameshazikwa. Na waziri Lutz, aliyekuwa na sababu ya kuogopa kufukuzwa, aliendelea na cheo chake chini ya Luitpold mpaka 1890. Wengi wa München wakati ule walimchukia Luitpold waziwazi, na nikisoma tarehe hizi kwa mfuatano siwezi kuwalaumu. Mimi naamini aliburuzwa na mawaziri. Hiyo ni imani yangu, si hati. Kuhusu ziwani, hakuna shahidi aliyeona, na hakuna aliyewahi kuleta uthibitisho unaomfikisha Luitpold hapo.

Wepesi wake wa kufungua milango ndio umenifanya niwe na kazi: kuanzia tarehe 1 Agosti 1886, wiki saba tu baada ya kifo, majumba ya Ludwig yalikuwa yanauza tiketi ili kulipa madeni. Mnaokwenda Neuschwanstein, mojawapo ya majumba hayo, mnaendeleza utaratibu wake.

Alifariki Desemba 1912, na aliyechukua ukaimu ni mwanawe, yuleyule wa risasi ya Helmstadt. Mwezi Novemba 1913 katiba ilibadilishwa, akajitangaza Ludwig III huku Otto yu hai na bado akiitwa mfalme. Otto alifariki Oktoba 1916. Kwa karibu miaka mitatu Bavaria ilikuwa na wafalme wawili kwa mpigo, na hilo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza.