Je, Hisabati Inaweza Kuthibitisha Kuwa Mungu Yupo?

Sisi tunaofundisha hisabati tunaulizwa swali hili mara nyingi, na waumini na wasioamini. Tunalijibu kwa uangalifu, maana watu wa pande zote mbili huzibebesha hesabu mzigo usio wake.

Jaribio zito kuliko yote ni la Kurt Gödel, mwanamantiki aliyezaliwa Brno mwaka 1906. Aliandika kwa alama za mantiki hoja ya kuwapo kwa Mungu, akamwonyesha mwenzake Dana Scott mwaka 1970. Ilichapishwa mwaka 1987, yeye akiwa amekwisha kufariki. Hoja yenyewe ni fupi. Zipo sifa njema. Sifa ikiwa njema, kinyume chake si chema. Kinachofuata kwa lazima kutokana na sifa njema nacho ni chema. Kuwapo kwa lazima ni sifa njema. Mungu ndiye mwenye sifa njema zote. Basi yupo, tena kwa lazima.

Mwaka 2013 Christoph Benzmüller na Bruno Woltzenlogel Paleo waliikagua hoja hiyo kwa kompyuta, na baadhi ya vyombo vya habari vikatangaza kuwa Mungu amethibitishwa. Sivyo. Kompyuta ilikagua jambo moja tu: je, ukikubali misingi ile, yaani kauli za mwanzo zinazokubaliwa bila kuthibitishwa, hitimisho linafuata? Kwa jinsi Scott alivyoiandika upya, ndiyo, linafuata. Kwa maneno ya Gödel mwenyewe, programu iligundua kwamba misingi inapingana. Ama kwamba kuwapo ni sifa njema, hilo kompyuta haiwezi kulikagua. Mtu hulikubali au hulikataa kabla hesabu haijaanza. Isitoshe, mwanafalsafa Jordan Sobel alikwisha kuonyesha kuwa misingi hiyo inafanya kila lililo kweli liwe la lazima, lisingeweza kuwa vingine. Muumini anayeamini kwamba Mungu aliumba kwa hiari yake hapaswi kuipokea hoja hii harakaharaka.

Hali ndivyo ilivyo kwa kila uthibitisho wa hisabati. Pembe za pembetatu hujumlika kuwa nyuzi 180 kwenye ubao ulio bapa. Ichore juu ya tufe, zinazidi. Hesabu haikwambii unaishi juu ya ubao au juu ya tufe. Inabidi utoke nje ukapime.

Kwa maoni yangu, hoja yenye uzito zaidi iko kwingine: kwa nini ulimwengu unatii hesabu? Sayari ya Uranusi ilipoonekana kupotoka njia yake, mwanafalaki Urbain Le Verrier aliketi na karatasi akakokotoa mahali ilipo sayari nyingine inayoivuta. Septemba 1846 Johann Galle alielekeza darubini huko Berlin, akaikuta Neptuni usiku uleule, umbali usiofika nyuzi moja kutoka alipoambiwa. Sayari ya Utaridi nayo ilipoonekana kupotoka, Le Verrier alitumia mbinu ileile na mwaka 1859 akatabiri sayari nyingine karibu na Jua. Ilitafutwa kwa miongo mingi. Haipo. Jibu lilitolewa na Albert Einstein mwaka 1915, kwa jiometri ya nafasi iliyopinda ambayo mwanahisabati Bernhard Riemann aliieleza mwaka 1854, wala hakuwa akishughulikia Utaridi.

Eugene Wigner, mwanafizikia, aliliandikia jambo hili mwaka 1960 na kuliita muujiza tusioustahili. Muumini husema aliyeupanga ulimwengu ndiye aliyetupa akili ya kuusoma. Asiyeamini husema tunahifadhi hesabu zinazofaa na kuzisahau zisizofaa, na kwamba akili zetu zimekulia ndani ya ulimwengu huuhuu. Jibu hili la pili lina nguvu, lakini sioni likimaliza swali: akili iliyozoea mawe na miti ingetosheka na kuhesabu mawe na miti, ilhali hesabu zetu zinafika hadi ndani ya atomu. Kwa hiyo anayeuona upatanifu huu kuwa ishara ya Muumba ana sababu ya haki. Akisema ni uthibitisho, tumwombe atuonyeshe misingi yake, maana hapo ndipo imani yake ilipoingilia.