Pesa ya mfukoni katika TRICARE: ipi inahesabiwa, ipi haihesabiwi

Familia za wanajeshi wa Marekani hutibiwa chini ya bima iitwayo TRICARE, na wengi huingia wakiamini kila kitu ni bure. Kwa askari aliye kazini ni kweli, halipi kitu. Mwenza wake na watoto wanaweza kulipa sifuri au mamia ya dola kwa ugonjwa uleule, kutegemea mpango waliojiandikisha na njia waliyopitia kufika kwa daktari. Ile sehemu ya bili ambayo bima haiibebi ndiyo pesa ya mfukoni.

Kabla ya hesabu yoyote, tafuta tarehe ambayo askari aliingia jeshini mara ya kwanza. Aliyeingia kabla ya 1 Januari 2018 yuko Kundi A. Aliyeingia siku hiyo au baadaye yuko Kundi B, na viwango vyao havifanani. Kwa hiyo usichukue namba za jirani ukadhani ni zako.

Kila familia ina kikomo cha pesa ya mfukoni kwa mwaka, Januari hadi Desemba. Ukikifikia, TRICARE hubeba sehemu yako ya matibabu yanayokubaliwa mpaka mwaka uishe. Kwa familia ya askari aliye kazini, Kundi A, kikomo ni dola 1,000. Kikomo hiki ni kinga kubwa sana, lakini si kila dola unayotoa inahesabiwa ndani yake, na hapo ndipo familia zinapoumia.

Chukua mke wa sajenti wa daraja la E-5, Kundi A, aliye kwenye mpango wa Select, ule unaomruhusu kujichagulia daktari bila rufaa. Anaumwa goti, anakwenda kwa daktari anayetambuliwa na TRICARE ila hana mkataba nayo. Bili ni dola 600, lakini kiwango ambacho TRICARE inakubali kwa huduma hiyo ni 400. Ikiwa ndiyo huduma ya kwanza mwaka huo, mke analipa kwanza dola 150 mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia (kwa E-4 kushuka chini ingekuwa 50). Zinabaki 250, naye anachangia asilimia 20, yaani dola 50. Halafu daktari huyo anaruhusiwa kudai hadi asilimia 15 juu ya kile kiwango cha 400: dola 60 nyingine. Jumla, 260. Kwenye kikomo zinaingia 200 tu. Zile 60 zimepotea. Dola 140 zilizosalia kwenye bili daktari hana haki ya kuzidai, kwa hiyo akikuletea ankara yake usilipe kabla hujailinganisha na taarifa ya madai kutoka TRICARE.

Kwenye mpango wa Prime, familia ya askari aliye kazini hailipi kitu, mradi ifuate utaratibu: kwanza daktari wa kawaida iliyopangiwa, kisha barua yake ya rufaa kwa bingwa. Ukijipeleka kwa bingwa bila rufaa, unalipa dola 300 za mwanzo, kisha nusu ya kiasi kinachobaki. Huduma yenye kiwango cha dola 500 inakugharimu 400, na hakuna hata senti inayoingia kwenye kikomo. Piga simu uthibitishe kwamba rufaa imeshaidhinishwa, kwa jina la daktari yuleyule utakayemwona. Dharura haihitaji rufaa.

Dawa ni rahisi zaidi. Kwenye duka la dawa la kambi hulipi. Kwa viwango vya 2025, dawa isiyo ya chapa (isiyouzwa kwa jina la kibiashara) ya siku 90 kwa posta ilikuwa dola 13. Duka la mtaani ilikuwa 16 kwa siku 30, yaani 48 kwa siku hizohizo 90.

Mkiwa likizo Mombasa au Arusha na mtoto akaugua ghafla, tarajieni kulipa wenyewe kisha kudai. Madai ya matibabu ya nje ya Marekani hupokelewa ndani ya miaka 3. Ya ndani, mwaka 1. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba ulilipa, hauonyeshi mtoto alitibiwa nini. Kabla hujaondoka dirishani kwa keshia, omba bili yenye jina la mgonjwa, tarehe, ugonjwa uliogunduliwa na bei ya kila huduma kwenye mstari wake.