Fonksio inakata aksi wapi? Twende mpaka juu ya Karisimbi

Mi nafundisha hesabu humanité (sekondari) hapa Goma na kila mwaka kosa linarudi lile lile. Naandika ku tablo 3x − 2y = 12, nauliza huu mustari unakata aksi ya x fasi gani, na wengi wanaweka x = 0 mbio mbio, wanapata y = −6, wanaandika "aksi ya x: −6" halafu wanafunga kaye. Hesabu yenyewe iko sawa kabisa, ila wamejibu swali lingine.

Juu ya nini? Juu wakisikia "aksi ya x" mkono unaenda moja kwa moja kwa x. Sasa angalia pointi zenyewe zinazolala ku ile aksi: (4, 0), (−7, 0), (100, 0). X inabadilika vile inataka, kile kisichobadilika ni y, kila mara ni 0. Kwa hiyo ukitaka aksi ya x, y njo unaweka 0: 3x = 12, x = 4, pointi ni (4, 0). Ukitaka aksi ya y, x njo inakuwa 0, na ile −6 inapata fasi yake: (0, −6). Mabano nayadai kila siku, juu 4 peke yake haituambie iko ku aksi gani. Na ukiwa na hizo pointi mbili shika rula, mustari umeisha.

Lakini kupata namba haitoshi, nataka mwanafunzi ajue inasema nini, na sisi wa Goma mfano uko pale juu ya macho yetu. Ziwa Kivu liko karibu metre 1460 juu ya bahari. Tuseme pale ku ziwa joto ni digrii 20, na ukipanda, hewa inapoa karibu digrii 6,5 kwa kila kilometre (ni wastani tu, kuna siku inazidi na siku inapungua). Tukiita h kilometre za kupanda toka ku ziwa, na T joto la pale, tunapata T(h) = 20 − 6,5h. Weka h = 0: digrii 20, njo joto la kuanzia. Weka T = 0: h = 20 ÷ 6,5, karibu 3,08. Ongeza 1,46 ya ziwa, unafika karibu metre 4540. Mlima Nyiragongo na metre zake 3470 haifikii pale, kwa kilele chake fonksio inatupa karibu digrii 7. Karisimbi yenyewe ina metre 4507, iko karibu kabisa na zero, na njo maana kuna asubuhi unaamka unaona kichwa chake kimekuwa cheupe pe!

Sasa fanya kitu kimoja, pima h toka ku bahari badala ya ziwa. Fonksio inakuwa T(h) = 29,5 − 6,5h. Ona vile imefanya: ku aksi ya joto tumetoka 20 tukaruka 29,5, lakini joto linafika zero pale pale, metre 4540, mlima haukusogea. Na hiyo 29,5 si joto la mtaa wowote wa Goma, hakuna mtu anayeishi hapa ku kimo cha bahari, ni namba tu ile mustari unapitia ukiurefusha mpaka h = 0. Kwa hiyo mbele ya kueleza namba ya aksi ya y uliza kwanza zero ya x imewekwa wapi, na kama fonksio inafanya kazi pale kweli. Hapa njo napenda sana hesabu, namba ile ile inaweza kuwa na maana leo na kesho ikakosa.

Aksi ya y inakatwa mara moja tu ao hapana, juu fonksio inatoa jibu moja kwa kila x. Duara x² + y² = 25 linaikata kwa 5 na −5, basi si fonksio. Aksi ya x ni huru: x² − 5x + 6 inaikata kwa 2 na 3, x² + 1 haiigusi, 2ˣ inaikaribia ukienda kushoto bila kuifika. Na (x − 1)²(x + 2) inaivuka kwa −2, ila kwa 1 inaigusa tu na kurudi juu.

Mtego wa mwisho, na wa Exetat (mtihani wa Serikali wa kumaliza humanité) muuangalie vizuri: (x² − 4)/(x − 2). Ukiweka juu = 0 unapata 2 na −2, unafurahi. Lakini kwa x = 2 chini pia inakuwa 0, na kugawanya na zero hakuna, kwa hiyo 2 haiko ndani ya domeni (x zote ambazo fonksio inakubali). Kurahisisha kunabakisha x + 2, mustari wenye tundu kwa (2, 4), wala tundu lenyewe haliko ku aksi ya x. Inabaki (−2, 0) peke yake, na ku aksi ya y (0, 2). Kwa fraksio anza na domeni, halafu njo utafute zero.