Ruzuku, urea na udongo mchachu wa nyuma ya jiko langu

Niseme mapema kabisa mimi nimestaafu, ubibi shamba nimeuacha, sasa hivi nina kuku, mbuzi wawili wezi, na bustani ya nyuma ya jiko hapa Njombe. Kwahiyo haya ninayoandika hakuna wa kunihamisha kituo.

Juzi asubuhi, ile baridi yetu ya mwezi wa saba, barafu imelala juu ya mboga za chinese mpaka majani yanavunjika ukiyashika, akaja mzee jirani. Kamwene, kamwene, nikamkaribisha jikoni tuote moto. Chai hajaimaliza akaanza: bibi shamba, mwaka huu serikali imetuuzia mbolea ya ruzuku feki. Alijiandikisha, akapata namba, akapanga foleni, akaweka DAP ya kupandia na urea ya kukuzia kama alivyoelekezwa, lakini mahindi yakabaki mafupi na majani yana rangi ya zambarau. Hasira yake yote ni kwa Dodoma.

Mbolea feki ipo, sibishi, nimeishika kwa mikono yangu. Ila zambarau ile kwenye majani naijua, mara nyingi ni mmea unalia njaa ya fosforasi, na hapo mtu kaweka DAP ambayo fosforasi imejaa tele! Sasa imeenda wapi?

Nikamtoa nje nikamwonyesha matuta yangu mawili. La kwanza liko pale tunapomwaga majivu ya jikoni tangu enzi za mama mkwe, mnafu unaota hapo bila kupandwa, majani mapana kama kiganja. La pili liko hatua kumi tu kutoka hapo, samadi ile ile, maji yale yale, lakini kabichi zinadumaa kila mwaka. Nilipima yote mawili. Lenye majivu lilisoma pH, yani kipimo cha uchachu, 6.3, lile lingine 4.8. Mzee akaniambia hizo namba ni za kizungu, sawa, nikamwambia hivi: 7 ni udongo usio mchachu wala wa magadi, ukishuka namba moja uchachu unaongezeka mara kumi, yani 5 ni mchachu mara kumi kuliko 6. Udongo ukishuka chini ya 5.5 alumini iliyokuwa imelala humo inaanza kuyeyuka, inachoma mizizi, mizizi inakuwa vijiti vifupi vinene, halafu hiyo alumini na chuma vinaikamata fosforasi uliyoweka na mmea hauipati. Umelipia DAP, udongo umeifungia kabatini.

Na urea yenyewe inazidisha. Ikiingia kwenye udongo inageuka amonia, wadudu wadogo wanaibadilisha tena iwe naitreti, katika kubadilisha huko tindikali inatoka, halafu mvua zetu hizi za Novemba mpaka Aprili zinasukuma naitreti chini pamoja na kalsiamu. Mwaka mmoja huoni kitu. Shamba linalolimwa mahindi kwa urea miaka 15 bila chokaa ya kupunguza uchachu utaona, ndo pale watu wanasema udongo umechoka. Haujachoka, umechacha.

Sasa hapa ndo siasa inapoingia, na naombeni msinipachike chama. Mimi ruzuku naiunga mkono. Ile ya 2022 iliyozinduliwa Nane Nane kule Mbeya ilikuja wakati mfuko wa mbolea wa kilo 50 umeshavuka laki na ushee, watu wakaupata kwa kama elfu 70, huku kwetu ile ilikuwa ni chakula kabisa. Na kabla ya hapo tulikuwa na vocha za mbolea ya ruzuku, zilianza msimu wa 2008/09, mimi nilikaa kwenye vikao vya vocha mpaka usiku, niliona wajane wakisaini vocha ambayo mbolea yake hawakuiona, namba ya sasa inayokuja kwenye simu ukijiandikisha ina kero zake lakini afadhali mara mia. Hata zile pikipiki na vipima udongo walivyopewa maafisa ugani 2022 nilifurahi, mimi enzi zangu nilikuwa na baiskeli na koti la mvua.

Kinachonikera ni kwamba jukwaani kinachohesabika ni mifuko. Mbunge anasimama anataja tani zilizoshuka, makofi. Sijawahi hata siku moja kusikia mtu kapigiwa makofi kwa chokaa. Baba yangu alikuwa akiimba Siasa ni Kilimo, ile kauli ya Azimio la Iringa la 1972, na sisi tulikuwa mkoa huo huo wa Iringa kabla Njombe haijawa mkoa 2012, azimio limetoka mlangoni kwetu! Lakini tangu hapo naona kila awamu inakuja na jina lake jipya, na kipimo kimebaki kile kile, umegawa ngapi. Kipima udongo kikikaa kwenye droo ya ofisi kwasababu pikipiki haina mafuta, hakuna anayeuliza.

Mzee akauliza basi afanyeje, nikampa jembe twende shambani kwake. Unatembea zigizaga, unachimba sehemu kama kumi na tano, kina cha sentimita 20, unaweka kwenye ndoo safi, siyo ile ya mbolea, unaruka kichuguu na pale mbuzi walipolala, unachanganya, ndo unapima au unapeleka maabara kama ile ya TARI Uyole, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Mbeya. Kwake ikasoma 4.7. Kwa udongo wa hivyo, kwenye bustani mimi naanza na gramu 200 mpaka 400 za chokaa ya kilimo kwa mita moja ya mraba, naichanganya na udongo kina cha sentimita 15, angalau wiki tatu kabla ya kupanda. Usiichanganye na urea wala samadi mbichi siku moja, naitrojeni itapaa hewani na hela yako. Na siyo kila mwaka, miaka mitatu hivi unapima tena. Majivu nayo yanasaidia, ila jiko moja halitoshi heka, na ukiyarundika sehemu moja unahamia tatizo la pili, udongo wa magadi.

Akachukua debe moja la chokaa iliyobaki kwangu, akasema ataweka mistari minne tu, mingine aiache na mbolea ya Dodoma tuone nani mkweli. Nikamwambia weka kijiti cha alama. Tunarudi nyumbani mbuzi wameshamaliza chinese zote.