Ukitaka nguvu za kila siku, anza na injini yenyewe, presha ya turbo baadaye

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mombasa presha ya hewa ni kama kilopaskali 101, hapa kwetu ni kama 88. Injini isiyo na turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukumia injini hewa zaidi, inakosa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa yake hata kabla hujakanyaga mafuta, na ukipanda kuelekea Kabale inakosa zaidi. Ndiyo maana wenye Land Cruiser za injini ya dizeli 1HZ wananijia na ombi moja: "Fundi, gari nzima kabisa ila haivuti. Nifungie turbo."

Nawaelewa. Lakini jibu langu halibadiliki: tafuta injini iliyotoka kiwandani na turbo.

1HZ ya lita 4.2 ni injini ngumu sana, naiheshimu, ila iliundwa kuvuta hewa yenyewe. Kompresheni yake, yaani jinsi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli huanza kuwakia kwenye chemba ndogo ndani ya hedi. Ukiibebesha turbo, joto linajaa humo na juu ya pistoni, na geji ya maji haitakuambia kitu mpaka pistoni ipasuke. Wapo waliofunga turbo ya presha ndogo pamoja na geji ya joto la eksozi, wakaitazama safari nzima, na injini zao zinadumu. Tatizo ni kwamba gari la kila siku huendeshwa pia na dereva, shemeji na mtoto wa chuo, ambao hawatazami geji.

Ndugu yake, 1HD-T, ni kitu kingine. Nozeli zinapiga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kompresheni imeshushwa hadi 18 na ushee, na oili inarushwa chini ya pistoni kuzipoza. Ugonjwa wake unajulikana: beringi za konrodi. Na kwa kuwa tangu 2018 gari lililozidi miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa Uganda, 1HD-T utakayouziwa ina uwezekano mkubwa kuwa imeshakimbia hapa miaka mingi. Fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), badilisha beringi, ndipo tuongee habari ya kuongeza presha.

1KZ-TE, dizeli ya turbo ya Toyota Surf na Prado za zamani, inavuta vizuri, ila ikichemka mara moja tu hedi hupasuka. Rejeta kwanza.

1KD ya Prado ndiyo inayonipa kazi nyingi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Chini ya kila nozeli kuna washa ndogo ya shaba. Ikichoka, moshi wa silinda unapenya juu hadi kwenye oili, oili inaungua na kuwa nzito. Nikishusha sampu ya injini ya namna hiyo, chujio la kunyonyea oili linakuwa limezibwa na uchafu mweusi kama lami, nafasi iliyobaki haipitishi hata oili ya kutosha sailensa, yaani injini ikinguruma tu bila kukanyagwa. Turbo ndiyo inayotangulia kufa, kwa sababu shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya oili tu. Mwenye gari ananunua turbo nyingine, anafunga, nayo inakufa. Hakuna aliyemwambia kwamba turbo haikuwa na kosa. Kabla ya kununua 1KD, fungua kifuniko cha juu: ukiona weusi uliogandia kuzunguka nozeli, punguza bei au ondoka.

Kwa petroli, wengi wanataka Subaru Forester ya injini ya EJ20 yenye turbo. Magari hayo yalipangwa kwa petroli ya Japani inayofika oktani 100, kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa bila kulipuka mapema. Ya kawaida ya sheli zetu haifiki hapo. Ukiongeza presha, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, na kuta nyembamba kati ya ringi za pistoni zinavunjika. Weka petroli bora unayoipata na uiache presha ya kiwandani.

Tena kumbuka, geji ya turbo inasoma kile kilichozidi hewa ya nje. Baa 0.6 ukiwa Mombasa ni jumla ya kama 1.6. Kuipata jumla hiyo Kampala, geji isome zaidi ya 0.7, yaani turbo izunguke kasi zaidi na hewa itoke na joto zaidi. Turbo ya hapa inafanya kazi ngumu hata kabla hujaigusa.

Kwa hiyo shilingi yako ya kwanza iende kwenye kupoza: intakula (rejeta inayopoza hewa ya turbo) safi au kubwa zaidi, hasa Forester, ambayo intakula yake imelala juu ya injini na inapikwa kwenye foleni ya Jinja Road. Kisha mipira inayopeleka hewa kutoka turbo hadi injini. Ijaze upepo, paka maji ya sabuni, tafuta mapovu. Mara nyingi nguvu iliyopotea inapatikana hapo. Kisha eksozi pana, kisha geji ya joto la eksozi. Dizeli huongezwa mwisho, kidogo kidogo. Moshi mweusi si nguvu: ni dizeli iliyokosa hewa, na inachoma hedi.

Ukinunua turbo ya mtumba Kisekka, soko la spea hapa Kampala, shika shafti. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma, irudishe. Pitisha kidole kwenye ncha za mapanga: zikiwa zimelika, imekula vumbi la murram. Na usiifunge kwa bomba la oili la zamani. Weka jipya, badilisha oili kila kilomita 5,000, na ukimaliza kupanda mlima mrefu acha injini isailensi dakika moja au mbili kabla ya kuzima.