Je, kumtibu mtoto tumboni ni kubadilisha jeni zake?

Habari ya ugonjwa wa kurithi kutibiwa kabla mtoto hajazaliwa huwafanya wengi wadhani madaktari wameifuta jeni mbovu. Sivyo. Tiba zilizofanikiwa kwa watoto walio tumboni hupeleka kile ambacho jeni imeshindwa kutengeneza, au dawa ya kuziba pengo lake. Jeni yenyewe haiguswi. Mvulana aliyetibiwa hivyo ugonjwa unaobebwa na kromosomu ya X bado atawarithisha jeni hiyo binti zake wote, na wanawe wa kiume hatawarithisha hata mmoja, sawasawa na ambavyo ingekuwa bila tiba.

Ushahidi mzuri ni wa Erlangen, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2018. Ugonjwa ni XLHED: jeni iitwayo EDA haitoi protini inayoamrisha ngozi kuunda tezi za jasho. Wavulana wenye ugonjwa huu hutoka jasho kidogo mno au hawatoki kabisa, kwa hiyo joto kali au homa huweza kuwaua.

Kwa kuongozwa na picha ya altrasaundi, sindano hupitishwa tumboni mwa mama hadi kwenye maji ya chupa ya uzazi, na protini iliyotengenezwa maabara huwekwa humo: miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa wa mtoto. Kinachofuata ni kazi ya mtoto mwenyewe, maana hunywa maji hayo kila siku. Protini imeungwa na kipande cha kingamwili ambacho utumbo wake hukipokea na kukivusha hadi kwenye damu. Ajabu, lakini hufanya kazi. Mapacha walidungiwa wiki ya 26 na ya 31, mvulana wa tatu wiki ya 26 tu. Wote walitoka jasho, bila kuhitaji dozi nyingine.

Mbona wasingojee azaliwe? Mabomba ya maji hulazwa ukutani kabla ya plasta. Ukileta bomba zuri plasta ikishakauka, halina pa kuingia. Tezi za jasho nazo huundwa katika miezi ya kati ya ujauzito, kisha nafasi hufungwa. Protini ileile walipopewa watoto wachanga, haikuwasaidia kwa kiwango cha maana.

Hata hivyo, hao ni watoto watatu. Mapacha walizaliwa kabla ya wakati, jambo la kawaida kwa mapacha, hivyo ni vigumu kusema kama sindano ilichangia. Sindano yoyote ya tumboni inaweza kupasua chupa, kuingiza maambukizi, kuanzisha uchungu mapema au kuharibu mimba, na hatari hiyo humwangukia mama pia, ambaye si mgonjwa.

Wala si kila ugonjwa una mlango wa namna hii. Pompe, inayodhoofisha moyo na misuli, imetibiwa kupitia mshipa wa kitovu kwa dozi sita kila baada ya wiki mbili, lakini mtoto huendelea kutundikiwa dripu baada ya kuzaliwa. Seli mundu, inayotuumiza sana Afrika Mashariki, haimdhuru mtoto tumboni: himoglobini yake ya wakati huo humlinda, na ulinzi huo hupungua taratibu katika miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa.